Gari Yako Inajua Imechemka, Ni Wewe Tu Hujaambiwa

Kule Minnesota, Marekani, kuna msee anaendesha pikipiki ya theluji wikendi kwa raha zake tu. Haibebi abiria. Hailipi karo ya mtu. Nje ni digrii 20 chini ya sufuri, baridi ya kugandisha kope. Na bado, pale kwenye usukani amefunga kiskrini kidogo kinachomwambia mkanda wa mashine yake una joto kiasi gani, sasa hivi, kwa nambari.

Hapa Nairobi kuna msee mwingine. Anaendesha teksi ya mtandaoni masaa kumi na nne kwa siku, gari ya mkopo, jam ya Mombasa Road mchana na mlima wa Limuru usiku. Giaboksi yake pia inaishi kwa mkanda. Yeye kwa dashibodi ana taa mbili za joto: moja ya buluu, moja nyekundu. Hata hizo si za giaboksi, ni za maji ya injini. Kuhusu mkanda unaomlisha yeye na watoto wake, haambiwi kitu. Siku atakapojua, atajua kwa sauti, na hiyo sauti huwa inakuja na bei.

Sasa niambie, kati ya hao wawili, nani anahitaji hiyo nambari zaidi?

Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanivumilia. Nasema kumficha dereva joto la giaboksi yake ni dharau. Na sisi tumeikubali hiyo dharau kwa sababu tumeambiwa gari za siku hizi "zinajijali zenyewe".

Najua unajiuliza kijana wa Umoja anatafuta nini kwenye theluji, wakati theluji pekee aliyoshika ni ya friza ya bucha. Subiri. Hawa watu wa theluji, wenyewe huziita mashine zao snowmobile, wana akili fulani kuhusu mkanda ambayo sisi tunahitaji kuiba.

Hiyo mashine haina gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ina puli mbili na mkanda mmoja wa raba. Kila puli ni kama sahani mbili zinazotazamana, mkanda umekaa katikati. Ukianza kuondoka, sahani za puli ya injini ziko mbalimbali, kwa hivyo mkanda unakaa chini kabisa, karibu na shafti. Hiyo ni kama gia ya kwanza. Ukiongeza moto, kuna vizito vidogo ndani ya puli vinarushwa nje na mzunguko, vinabana zile sahani zikaribiane, na mkanda unapanda juu. Puli ya nyuma nayo inafunguka, mkanda unashuka. Kila kitu kinateleza polepole kutoka nguvu hadi mwendo, hakuna mshtuko wa kubadilisha gia. Hiyo ndiyo CVT. Kama umewahi kuendesha skuta ya petroli hapa mtaani, ile ya kukanyaga breki na kuongeza moto tu, umeendesha hiyo hiyo kitu, raba na yote.

Shida ni kwamba mkanda haushikwi na chochote isipokuwa kubanwa. Ukiteleza kidogo, unasuguana na puli. Ukisuguana, unapata moto. Ukipata moto sana, uso wake unakuwa mgumu na kung'aa kama kioo, na uso unaong'aa unateleza zaidi, na kuteleza kunaleta moto zaidi. Unaona vile hiyo stori inaenda. Mwisho mkanda unapasuka vipande, vinajizungusha kwa puli, na vinaweza kukata waya au mipira iliyo karibu. Wewe uko kilomita thelathini kutoka barabarani, jua linazama, na mguu wako unazama kwenye theluji hadi kiunoni. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye akili kule hatoki bila mkanda wa ziada.

Na usifikirie ni mchezo wa matajiri peke yake. Aliyeanzisha biashara ya hizi mashine, Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alimpoteza mtoto wake wa miaka miwili majira ya baridi ya 1934 kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Ski-Doo ya kwanza ilitoka 1959. Mpaka leo wawindaji wa Inuit kule kaskazini mwa Kanada, na wafugaji Wasami wanaofuata kulungu wao Ufini, Uswidi na Norwei, wanazitumia kama vile sisi tunatumia boda. Ikizima, mtu anaweza kufa.

Sasa, unapimaje joto la kitu kinachozunguka kwa kasi hivyo? Huwezi kukibandika themomita. Walichofanya ni kuweka sensa ndogo kwenye kifuniko cha mkanda, inauangalia bila kuugusa, inasoma miale ya infraredi ambayo kitu chochote chenye moto hutoa. Ni teknolojia ya zile bunduki za kupima joto kwa paji la uso tulizolengwa nazo kila mlango wa supamaketi wakati wa Korona. Nambari inatokea kwa usukani. Ikivuka kiwango, taa inawaka.

Na hiyo nambari imewafunza mambo ambayo mtu hawezi kukisia. Ungefikiri mkanda unachemka ukiwa unapaa kwa spidi. Wapi. Kwenye njia ngumu iliyoshindiliwa, ukienda kwa kasi ya kutulia, mkanda unapoa vizuri. Unachemka ukiwa polepole: kwenye theluji laini na nzito, ukipanda mlima, ukivuta mzigo, ukijaribu kung'oa mashine iliyogandia chini asubuhi. Mwendo mdogo, mzigo mkubwa. Na baridi ya nje haikuokoi sana, kwa sababu mkanda umefungiwa ndani ya boneti pamoja na injini.

Kuna lingine. Mtu akizoea kuona nambari fulani kwa njia ile ile, halafu wiki mbili baadaye anaona imepanda digrii kumi na tano bila sababu, anajua kuna kitu kimeharibika kabla hakijavunjika. Labda puli hazijalingana. Labda zimeisha. Labda matundu ya hewa yamezibwa na theluji. Wazee wa kazi walikuwa wanafanya hii bila kifaa: wanasimama, wanazima, wanafungua kifuniko, wanaweka kiganja kwa puli. Ukishindwa kukiacha hapo, kuna moto mahali hapapaswi kuwa na moto. Mkono ulikuwa ndio sensa. Lakini walikuwa na ruhusa ya kufungua na kugusa. Sisi hata hiyo hatuna.

Tukuje nyumbani.

Angalia magari ambayo vijana wa hapa wananunua: Vitz, Fit, Note, Axio, Fielder, Juke, Impreza za majuzi. Nyingi sana ni CVT. Ni wazo lile lile la puli mbili zinazofunguka na kufunga. Wazungu wa Uholanzi, kampuni ya DAF, ndio walitangulia kuliweka kwa gari ya kawaida, DAF 600 ya mwaka 1958, na ilikuwa na mikanda ya raba kabisa. (Hizo gari zilikuwa zinaweza kurudi nyuma kwa spidi ile ile ya kwenda mbele, na Waholanzi wakaanza kufanya mashindano ya kurivasi. Watu wana muda.) Baadaye raba ikaachwa, ukaja mkanda wa chuma uliotokana na kazi ya Waholanzi hao hao. Subaru Justy ya 1987 ilikuwa kati ya za kwanza kuutumia.

Mkanda wa chuma ni vipande vyembamba, mamia yake, vimepangwa kama ngano za daftari na kushikwa na pete za chuma. Kinachonimaliza ni kwamba huo mkanda hauvuti, unasukuma. Jaribu kusukuma kitu kwa kamba uone. Lakini unafanya kazi, na mkubali ni kazi safi. Subaru za siku hizi wanatumia mnyororo badala yake, ila kanuni haibadiliki: chuma kimebanwa kati ya sahani za chuma, na kisipobanwa vizuri kinateleza.

Tofauti kubwa na ya theluji ni hii: mkanda wa raba unataka kukaa mkavu, huu wa chuma unaogelea kwenye oili. Na hiyo oili si oili tu. Inalainisha, inapoza, inabeba presha ya kubana puli, na wakati huo huo inatakiwa iache chuma kishike chuma bila kuteleza. Kazi nne kwa mshahara mmoja. Oili ikichemka kila siku inachoka, ikichoka inashindwa kushikilia, mkanda unateleza, puli inakwaruzika. Ni ile stori ya kule Minnesota kwa lugha ya chuma. Kwa hivyo kwa gari huhitaji sensa ya kuangalia mkanda. Ukijua joto la oili, unajua hali ya mkanda.

Na hapa ndipo hasira yangu inaanzia. Hiyo sensa iko. Iko ndani ya giaboksi ya gari yako tayari, ilikuja nayo kutoka kiwandani. Kompyuta ya giaboksi inaisoma kila wakati injini ikiwaka. Joto likizidi, kompyuta inapunguza nguvu ili ijiokoe, na wewe dereva unahisi gari "imechoka", unakanyaga zaidi. Kwa baadhi ya Nissan, kompyuta hata inaweka hesabu ya vile oili imechakaa kutokana na joto, nambari inapanda mwaka baada ya mwaka kama deni la Fuliza. Gari inaweka shajara ya mateso yake. Kila siku. Halafu inaifunga kwa droo ambayo wewe, mwenye gari, uliyelipa, hukupewa ufunguo.

Hawakushindwa kukuonyesha. Kuna skrini kubwa katikati inayokusalimia kwa Kijapani na kukuitisha kadi ya ramani ya Osaka. Kuna sehemu inakuonyesha kijani kibichi ukiendesha kwa upole, kijimti kinaota majani. Wana nafasi ya majani! Nafasi ya nambari moja yenye tarakimu tatu ndiyo walikosa.

Sababu ambayo watetezi wao hutoa ni kwamba dereva wa kawaida ataingiwa na wasiwasi bure. Ataona mshale unacheza, atapiga simu, atasumbua. Kwa hiyo kwenye gari nyingi mshale wa maji wenyewe waliutengeneza ukae katikati hata joto likipanda na kushuka, na kwa gari ndogo wakautoa kabisa wakaweka zile taa mbili. Hii hoja inanikera kuliko zote. Sisi ni watu tunajua tokeni za stima zimebaki ngapi hadi nukta. Tunajua betri ya simu iko asilimia 34 na tunajua itafika saa ngapi. Mama anauza mboga anajua salio la M-Pesa, la chama na la Fuliza kichwani. Eti huyo ndiye atachanganyikiwa na nambari 98?

Nina braza mkubwa, mtoto wa mamangu mkubwa, aliyechukua gari ya mkopo kutoka yadi fulani, ndogo, CVT, ya kufanya teksi. Kazi ilikuwa poa. Wikendi alikuwa anabeba watu wa Naivasha. Kurudi, ile barabara ya chini, kutoka Mai Mahiu kupanda hadi Rironi, nyuma ya malori yanayotembea kama maandamano. Mwendo mdogo, mzigo mkubwa, gari imejaa watu wanne na mabegi. Karibu na vyupointi gari ikapoteza nguvu. Akakanyaga. Ikasonga kwa shida, ikafika juu, ikapona yenyewe.

Ilifanya hivyo mara tatu. Akapeleka gereji. Fundi akabadilisha plagi. Ikarudia. Wakabadilisha koili, wakasafisha fyueli pampu, akalipa kila mara. Hakuna hata mmoja aliyechomeka skana kusoma joto la giaboksi, na ukiwauliza wangekuambia giaboksi haina geji, kwa hivyo haina shida. Mara ya nne ilianza kulia kama ndege wa chuma, na ikaisha hapo hapo, usiku, abiria wakashuka kutafuta matatu. Wakati giaboksi inafunguliwa ndio ikajulikana kuna mtu, huduma iliyopita, alimwaga ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki za zamani, ndani ya CVT.

Giaboksi ya mtumba ilimpata kwa zaidi ya laki moja na kazi juu. Mwezi huo mkopo haukulipwa. Na unajua waliomkopesha walikuwa wamefanya nini siku ya kwanza? Walifunga kifaa cha kufuatilia gari chini ya dashibodi. Walijua gari iko mtaa gani, iko geti gani, usiku na mchana. Walikuja kuichukua ikiwa imesimama bila giaboksi, wakaivuta.

Fikiria hiyo kidogo. Kuna kifaa kilichounganishwa na umeme wa gari, chenye laini ya simu ndani yake, kinachotuma habari kila dakika. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuunganishwa na kompyuta ya gari kituume joto la giaboksi pia. Teknolojia iko, na kampuni za malori hutumia data ya injini hivyo hivyo. Lakini habari inayotumwa ni ile ya kumnyang'anya mtu, si ile ya kumsaidia amalize kulipa. Hata kwa ubinafsi wao haingii akilini, kwa sababu gari iliyokufa giaboksi kwa mnada ni mkebe.

Kuna watu watasema suluhisho ni rahisi: usinunue CVT. Nimeisikia hiyo hadi imenichosha. CVT si laana. Ni giaboksi inayookoa petroli, laini, inayofaa jam, na ikitunzwa inaenda mbali. Ila haivumilii kupuuzwa, na huwezi kutunza kitu ambacho hali yake umefichwa. Nitakubali jambo moja: zipo zilizotengenezwa dhaifu. Kule Marekani Nissan ilibidi iongeze muda wa dhamana ya CVT kwa magari yake ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Wamarekani walilalamika wakasikizwa. Wewe gari yako ikishashuka bandarini Mombasa, hiyo ahadi haikufuati. Unachobaki nacho ni fundi na Mungu.

Halafu kuna hii hadithi ya "oili ya maisha", eti haibadilishwi. Maisha ya nani? Sheria yetu inaruhusu gari ya mtumba isiyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na wengi tunanunua zile za miaka saba kwa sababu ndizo tunaweza. Kwa mtengenezaji, hayo maisha yanaelekea ukingoni wakati yako ndiyo yanaanza. Na soma vitabu vya gari vizuri, ukipata mtu wa kukutafsiria: vingi vina ukurasa wa matumizi magumu, yaani milima, kuvuta mzigo, kusimama na kuondoka kila saa, teksi. Kwa hayo, huduma inakuja mapema. Niambie ni barabara gani ya Nairobi si matumizi magumu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inapoza kidogo kuliko nzito. Kutoka Mombasa kuja hapa unapanda huo urefu wote, na kipande cha kwanza unakipanda kwenye joto la pwani.

Kwa hivyo nataka nini? Kutoka kwa watengenezaji, nambari. Siombi kipuri kipya, sensa iko, skrini iko. Kutoka kwa wanaokagua magari Japani kabla hayajapakiwa melini kuja kwetu, nataka wachomeke skana na kuandika kwenye ripoti kompyuta ya giaboksi inasema nini, kama vile wanaandika breki na taa. Wakopeshaji nimeshawaambia. Kwa mafundi, na nawapenda, wengi wenu ndio mlinifunza hizi vitu: acheni kubadilisha plagi kwa kila ugonjwa. Na kabla hujamwaga oili soma jina lake. Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana FE. Hizo si mapambo, na "hii inaingia zote" ndiyo sentensi ghali zaidi Kirinyaga Road.

Wakati tunangoja wakubwa waamke, droo inaweza kufunguliwa. Chini ya usukani kuna tundu la OBD. Kuna kakifaa ka kuchomeka hapo, ELM327, kanaongea na simu kwa Bluetooth, kanauzwa bei ya pizza mjini. Weka programu kama Car Scanner au Torque kwa simu, na kama ni Nissan kuna CVTz50, hiyo inasoma hadi ile hesabu ya kuchakaa kwa oili kwa modeli nyingi. Si kila gari itakupa kila kitu, lakini nyingi zitakupa joto. Weka alamu ilie yenyewe, usiendeshe ukiangalia simu, tafadhali.

Wiki mbili za kwanza usifanye kitu, soma tu. Jua kawaida ya gari yako. Nyingi zikishapata moto zinatulia kati ya digrii 70 na 95 hivi. Ukiona inapanda kuvuka 110 kwa mlima, toa mguu, acha lori liende. Ikikataa kushuka, egesha mahali salama, weka P, na usizime injini: pampu ya oili inazungushwa na injini, na ukizima, oili yenye moto inakaa pale pale bila kupozwa. Na ile tabia ya kushikilia gari mlimani kwa aksileta badala ya breki, pale Museum Hill mkingoja taa, iache leo. Unapika oili ukiwa umesimama.

Wenye skuta, nyinyi mko karibu na Minnesota kuliko sisi wote, mkanda wenu ni raba. Safisha matundu ya hewa ya kile kifuniko cha kushoto, na ukisikia harufu ya raba ukiwa umebeba mtu kupanda mlima, hiyo ndiyo sensa yako. Beba mkanda wa ziada ukienda safari. Ni mwepesi.

Na kama unatafuta gari mwezi huu, nenda yadi na hako kakifaa mfukoni. Omba kuendesha nusu saa na sio kuzunguka kona moja na kurudi. Panda mlima mmoja wa maana, uone nambari inafika wapi na inashuka haraka kiasi gani ukiachilia. Muuzaji akikataa usichomeke kitu kwa gari unayotaka kumlipia laki nane, muulize ni nini anaogopa isome, halafu ungoje jibu ukiwa umesimama hapo hapo mbele ya wateja wengine.